Kizimba cha mbao na wavu kwa kinyonga wa kwanza: tathmini kutoka Mwanza

Kwa mkazi wa Mwanza anayejiandaa kumpokea kinyonga wake wa kwanza, gharama kubwa haiko kwenye chakula wala dawa bali kwenye kizimba, na tathmini hii inahusu kile nilichoagiza katika karakana moja ya useremala ya hapa mjini pamoja na vifaa vichache vinavyoandamana nacho. Kimo chake ni sentimeta 120, na upana na kina ni sentimeta 60. Fremu ni ya mbao za paini, mbele, ubavuni na juu pamewambwa wavu wa alumini, na mgongo ni ubao mwembamba. Bei haikufika shilingi laki mbili. Kwa kazi ya mbao niliyoiona hiyo ni bei ya haki, isipokuwa kwenye sakafu, ambayo nitaieleza kwa urefu.

Anayetaka kuagiza aanze kwanza na karatasi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wao kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo kinyonga hachumwi kwenye ua wa jirani kama embe. Suala la kibali liulizwe kwa mamlaka za wanyamapori kabla fundi hajashika msumeno.

Nilishauriwa na muuzaji mmoja nichukue sanduku la kioo, la aina ile ya kufugia samaki wa mapambo, naye alilisifia kwamba linapendeza sebuleni. Linapendeza kweli, lakini hewa iliyokwama pamoja na unyevu humletea kinyonga maradhi ya kifua, na sura yake mwenyewe kwenye kioo humtia wasiwasi kwa kuwa huidhani ni mpinzani. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana joto huwa kwenye nyuzi 27 au 29 na usiku hupoa, na kinyonga mwenye mikunjo ya ngozi shingoni, Chamaeleo dilepis, ni mwenyeji wa mazingira haya haya. Hahitaji kupashwa joto. Wavu unamtosha, na taa ya joto niliyotaka kuuziwa pamoja na sanduku lile ingekula umeme wa LUKU bure.

Wavu wenyewe ni mzuri. Matundu ni madogo kiasi kwamba nyenje hawatoki, na kingo zimefichwa chini ya mbao ili waya usimchane miguu. Fundi alidhani mwanzoni kwamba ninataka banda la vifaranga na akaandaa waya wa kuku. Nilipomweleza, aliweka futi yake chini, akaniuliza, "Bosi, kinyonga? Utalala naye nyumba moja?" Kijana wake alikataa kabisa kuja kunisaidia kukipachika nyumbani. Kinyonga hana sumu, na akiuma ni kwa kubana tu, ila hofu hiyo ni ya zamani na haiondoki kwa maelezo ya dakika mbili.

Sasa sakafu. Kinyonga kwa kawaida hanywi maji kwenye bakuli. Hulamba matone yaliyokaa kwenye majani. Mfugaji hulazimika kunyunyiza asubuhi na jioni, dakika kadhaa kila mara, na kuning'iniza chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu la sindano ili idondoshe taratibu mchana. Maji yote hayo yana mahali pa kwenda, na karakana haikulifikiria hilo hata kidogo: ilileta sakafu ya plaiwudi iliyopakwa vanishi, imelala sawasawa, haina tundu. Haikuchukua muda ikavimba pembeni, ikaanza kunuka, na nyenje waliofia kwenye unyevu wakaota kuvu. Niliporudi kulalamika nilijibiwa kwamba mteja hakutaja maji, kisha nikatozwa fedha ya ziada kutengenezewa trei ya bati iliyoinama kidogo kuelekea pembe moja, yenye tundu na mpira unaoshusha maji kwenye dumu. Kwa trei hiyo kizimba ni kizuri sana. Bila hiyo ni kabati la nguo lenye madirisha.

Kuhusu kifaa cha kunyunyizia, chupa ya saluni hutoa ukungu mwembamba unaofaa lakini kidole huchoka kabla kinyonga hajaamua kunywa, kwa kuwa yeye huanza kwa kutuliza macho kwanza. Pampu ndogo ya mkono ya bustani, ile ya lita mbili, ni bora zaidi, ila iwe mpya. Iliyowahi kutiwa dawa ya wadudu haifai hata ikioshwa mara ngapi. Wangu hunywa kwenye jani la haibiskasi: jicho moja hubaki kwangu, la pili hufuata tone linavyoteremka mpaka nchani, kisha hufungua mdomo polepole na kulipokea kabla halijaanguka. Macho yakididimia, au ile sehemu nyeupe ya kinyesi ikageuka rangi ya chungwa, maji hayatoshi.

Taa ya mionzi sikuinunua, na hapa ndipo wavu unapolipa tena. Bila mionzi ya UVB, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho yetu, mwili wa kinyonga hautengenezi vitamini D3, kalisi haitumiki, na mifupa hulainika. Tuko karibu sana na ikweta na jua ni la kutosha mwaka mzima, ila lazima limfikie bila kupita kwenye kioo cha dirisha, kwa maana kioo huzuia karibu mionzi yote hiyo. Kizimba hiki hubebwa na watu wawili hadi barazani asubuhi, nusu juani na nusu kivulini ili achague mwenyewe. Anayeishi ghorofani pasipo baraza atahitaji taa maalumu ya mrija, na aibadilishe baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka.

Miguu ya kizimba ni mifupi mno, nami naipunguzia alama kwa hilo. Mgeni huyu hutulia akiwa juu ya usawa wa macho ya watu, hivyo nilikipandisha mezani, nikafunika pande mbili kwa khanga, na siku za mwanzo sikumgusa. Akigeuka mweusi, akivimba na kutoa sauti ya mfoko, anaomba kuachwa. Mlango mdogo wa chini, kwa upande mwingine, ni wazo zuri la fundi mwenyewe: kama ni jike, beseni refu la mchanga wenye unyevu hupita hapo, na atalihitaji akitaka kutaga.

Chakula hakisumbui. Panzi na nyenje wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, waliopakwa unga wa kalisi, wasiookotwa mahali palipopuliziwa dawa. Msimu wa senene unapofika, mgawanyo wake na watu wa nyumbani unahitaji mazungumzo.

Nitamrudia fundi huyu, lakini kwa masharti. Anayeagiza alipe nusu kwanza, ataje trei na miguu mirefu kwa maandishi, na nusu ya pili aitoe baada ya kumwaga lita moja ya maji juu ya paa la kizimba na kuyaona yote yakiishia kwenye dumu.