Uzoefu wangu na duka la dawa: aleji gani hiyo ya kuogopa kushikwa?

Nyota mbili. Nilianza na moja, nikaongeza, nikapunguza, na nikimaliza kuandika huenda nikabadilisha tena, kwa hiyo msizitazame sana nyota. Someni maneno.

Duka silitaji jina. Ni duka la dawa hapa Morogoro mjini, na mimi ni mteja wao tangu enzi za ujauzito. Panadol, dawa za minyoo za mtoto, pamba, vyote nachukua pale. Ndiyo maana hasira haziishi. Mtu usiyemzoea hawezi kukuudhi hivi.

Nilikwenda na mwasho, ambao mwisho wake ulikuja kujulikana ni upele, ule ugonjwa wa kidudu kinachochimba ndani ya ngozi. Wanaoujua wanaujua, ule unaosubiri uzime taa. Mchana unajikuna kwa adabu, unajifanya unarekebisha khanga. Usiku unashtuka kucha zina damu. Ulinianza katikati ya vidole, ukaja kwenye vifundo vya mikono, kiunoni pale panapokaa mpira wa sketi, chini ya matiti. Mwanangu wa miaka minne naye vipele vikamtoka viganjani na kwenye makalio, analala huku analia. Na mimi kazi yangu ni ususi. Nashika vichwa vya watu kutwa, kichwa kimoja cha rasta kinaweza kunichukua asubuhi mpaka jioni. Mkono ndio duka langu.

Basi nikafika kaunta, jioni, watu wapo nyuma yangu. Kijana wa zamu alikuwa na simu. Nikamwambia, "Kaka, hebu nitazamie hapa, nawashwa sana," nikanyoosha mkono juu ya kioo. Hakutazama. Alirudi nyuma kidogo akasema, "Aleji hiyo, anti. Umebadilisha sabuni." Hakuuliza, alitangaza. Nikamwambia sabuni ni ileile ya mche tunayotumia siku zote, na mtoto naye anawashwa. "Basi na yeye ana aleji." Watu wawili, kitanda kimoja, aleji imewaamkia pamoja! Akaweka tyubu juu ya kaunta, akataja bei.

Sasa hapa ndipo penyewe. Noti yangu aliipokea kwa ncha za vidole viwili, kwenye kona. Chenji hakunipa mkononi. Aliimwaga juu ya kioo, akachukua kikokotoo, akaisukuma kwa ukingo wake hadi upande wangu. Sarafu ya mia mbili ikabiringika ikadondoka, ikaenda kulala miguuni kwa mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni. Kijana akaiangalia tu. Mimi bado nimeinama naiokota, nikasikia kichupa cha kitakasa mikono kinabonyezwa. Kikabonyezwa tena.

Nimeligeuza hilo kichwani usiku mwingi, maana usingizi wenyewe haukuwepo. Aleji haiambukizi. Kama ni aleji, kitakasa mikono unakikimbilia cha nini? Na kama unauogopa mkono wangu, basi kuna kitu unakijua na hujaniambia. Chagua moja, kaka. Huwezi kuniuzia aleji huku wewe mwenyewe unajikinga na upele.

Tyubu nilipaka, na ilituliza, siwezi kusema uongo. Wekundu ulipungua, tukalala. Halafu mwasho ukarudi na ukoo wake: kwapani, kuzunguka kitovu, kwenye vifundo vya miguu. Baadaye nimekuja kuelezwa kwamba zile tyubu za mchanganyiko zina steroidi ndani, na kazi ya steroidi ni kuituliza ngozi isilalamike. Mdudu haguswi. Anaendelea kuchimba na kutaga kwa raha zake, na vipele vinabadilika sura mpaka hata mtaalamu akiviona anasita. Tyubu hizo zinauzwa bila cheti, utadhani ni peremende.

Mtaani nako kila mtu ni daktari. Mpangaji mwenzangu aliwasingizia kuku wa mama mwenye nyumba: huo ni utitiri, si unaona wanatagia chini ya dirisha lako? Mwingine akaleta majani ya mwarobaini, nikachemsha, nikaoga, nikawa nanuka mwarobaini na kuwashwa palepale. Mwingine mafuta ya taa. Mwingine tena, bila hata kucheka, akanishauri dawa ya kuogeshea ng'ombe. Huyo nilimwambia akaanze na mumewe.

Kituo cha afya ndiko nilikotazamwa. Tabibu alinisogeza dirishani kwenye mwanga, akavaa glavu, akaniambia kabisa kwa nini anavaa, kisha akaushika mkono wangu na kuvifungua vidole kimoja kimoja. Glavu haikuniuma hata kidogo. Akachukua kalamu ya wino, akapaka pale katikati ya vidole, akasubiri, akafuta kwa pamba yenye spiriti. Wino wote ukatoka, kikabaki kijistari kimoja chembamba, kimepindapinda, hakifiki sentimita. "Hiyo ndiyo njia yake," akasema. "Jike anachimba humo anataga. Wino umeingia shimoni." Tena akanigeuzia mkono ili na mimi nikione vizuri.

Alisema magonjwa ya ngozi aliyasomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, na ilionekana. Kuku aliwafutia kesi hapohapo: utitiri wa kuku unakuuma kisha unarudi kwenye kiota chake, hauwezi kuishi ndani ya ngozi ya mtu. Huyu wa upele anaishi humo. Akaniambia jambo ambalo mpaka leo linanishangaza, kwamba mtu mzima anayewashwa mwili mzima mara nyingi ana wadudu 10 hadi 15 tu. Kinachowasha ni mwili kuwakataa, wao na mayai yao na kinyesi chao. Na kwa anayeupata mara ya kwanza, mwasho huchelewa wiki 4 hadi 6. Nikapiga hesabu: mpwa wangu wa bweni alikuja likizo, tukabanana kitanda kimoja, na alisharudi shule zamani. Nikampigia matroni.

Na uchafu? Hakuna uchafu hapo. Ngozi kukaa kwenye ngozi kwa muda, basi, hata ukioga kutwa mara tatu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liliuweka upele kwenye kundi la magonjwa ya kitropiki yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, kundi moja na kichocho na matende. Ugonjwa una faili lake Geneva, ila kwenye kaunta ya Morogoro unapewa chenji kwa kikokotoo.

Dawa kituoni ilikuwa imeisha, akaniandikia BBE, ile ya maji, benzili benzoeti. Nikaanza kuzunguka. Duka hili hawana, lile wana krimu ya pamethrini, ambayo wanasema ni nzuri na haichomi, lakini mtu mzima mmoja anaweza kumaliza tyubu nzima kwa kupaka mara moja, na kwangu tuko watatu, mimi, mtoto na mdogo wangu. Pochi ilikataa. Mnajua BBE nimeipata wapi? Palepale. Chupa mezani, bei chini ya ile tyubu ya aleji.

Lakini asubuhi hiyo kaunta alikuwepo mama mmoja wa makamo, ana miwani ya kamba. Akasoma cheti, akasema, "Lete mkono, mwanangu." Nikaleta. Akautazama. Akaniuliza nyumbani tuko wangapi, mtoto ana miaka mingapi, kuna mjamzito? Akaniandikia kwenye boksi kwa kalamu: mkubwa ipakwe ilivyo, mtoto ichanganywe nusu kwa nusu na maji. Kuanzia shingoni hadi nyayo, chini ya kucha, ndani ya kitovu, hata zile sehemu za aibu. Usoni hapana. Mkubwa akae nayo hadi kesho yake. Ukinawa mikono, paka tena mikono. Wote siku moja, hata asiyewashwa. Nilitaka kumkumbatia, ila kwa hali yangu nikajizuia. Pale nyota zilikuwa nne. Tano kabisa.

Mara yule kijana akatokea stoo na maboksi, akaniona, akacheka. "Anti wa upele! Mimi nilijua tangu siku ile."

Nilijua.

Mama akashusha miwani. "Ulijua, ukamuuzia nini?" Kijana akajitetea kwamba ukimwambia mtu ana upele anakasirika, anaona umemwita mchafu, na kuna mama alishamtukana palepale mbele za watu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo akasema aleji, neno lisiloudhi.

Na mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika kadhaa nikamwelewa. Ni kweli watu wana mdomo. Mwambie mwanamke kwenye foleni ana upele uone kama atakushukuru. Mshahara wa kaunta sidhani kama unatosha kutukaniwa mama. Nikasema labda ni ujana, labda nisiandike chochote.

Nimefika nyumbani nikaliangalia boksi la ile tyubu na hiyo huruma ikaisha. Kama tatizo ni neno, si ungenong'ona? Si ungeandika kwenye kikaratasi? Ungenipa chupa ya bei nafuu ukasema "paka hii nyumba nzima," usitaje chochote, ningepona bila kujua jina la ugonjwa. Neno la heshima lilitoka na dawa ya bei mbaya, na huo ndio uungwana wa kaunta. Muda wote huo nimeshika vichwa vya wateja. Wengine wana watoto wachanga. Ilibidi nimpigie mmoja mmoja kumwambia, na waliopokea vizuri nawajua, na waliokata simu nawajua.

Dawa yenyewe sasa. BBE inatibu, ila haina huruma. Ni nyeupe pepe, ina harufu kali inayobaki kwenye shuka hata ukifua, na ukiipaka juu ya ngozi uliyojichubua utaita majina ya mababu. Mwanangu alikimbia uchi hadi uani, mdogo wangu nyuma yake na chupa. Subirini ngozi ipoe kabisa baada ya kuoga, msipake ikiwa ya moto, inachoma zaidi. Nilimpepea kwa kipepeo cha jiko hadi alipokauka. Nguo na shuka tulichemsha kwenye sufuria la shughuli, tukaanika juani, tukapiga pasi ya mkaa hadi mishono. Vya kutofulika, viatu vya kitambaa, mdoli wa mtoto, begi langu la rasta, nilivifunga kwenye kiroba zaidi ya siku tatu, maana mdudu akikosa ngozi hamalizi siku hizo. Kupuliza dawa nyumba nzima sikuona haja, tabibu mwenyewe alinikataza kupoteza hela.

Halafu mwasho ukaendelea! Hili ndilo lingenirudisha dukani na panga kama yule mama wa miwani asingelisema mapema: mdudu akifa, mabaki yake yanabaki kwenye ngozi, na mwili unaendelea kuyagombeza wiki 2 hadi 4. Wengi hapo ndipo wanapopaka tena na tena hadi ngozi inaungua na kuanza kuwasha kwa sababu nyingine. Mimi nilirudia wiki iliyofuata kama nilivyoelekezwa, nikaacha. Ukapungua polepole. Katikati ya vidole vyangu sasa pamebaki alama tu.

Shangazi yangu wa Mahenge ananicheka. Kule wamekuwa wakigawiwa vidonge vya usubi, ule ugonjwa unaopofusha, unapimwa urefu kwa kijiti ijulikane umeze vingapi, na yeye anaapa mwaka wanaomeza upele hausumbui kijijini. Nikamuuliza tabibu, akasema shangazi hakosei, vidonge hivyo ni ivermectini na upele vinautibu pia, ila mjamzito hapewi wala mtoto asiyefika kilo 15, na mwanangu hajafika. Ile ya mifugo msiiguse, nawaomba.

Kwa hiyo nyota mbili. Hapana, moja na nusu, kama ingewezekana; hiyo moja ni ya yule mama, nusu ni ya kwamba BBE walikuwa nayo. Ukienda, nenda kabla ya saa 8 mchana, ndiyo zamu yake. Na itaje kwa jina, maana rafu za mbele zimejaa tyubu; BBE wameiweka nyuma, chini, karibu na maboksi ya pamba.