Uzoefu wangu: kupeleka bati na rangi Kigoma kwa behewa, kutoka yadi ya Ilala

Nimeshapeleka mzigo Kigoma mara mbili kwa treni, kupitia yadi ya mizigo ya Ilala. Duka letu la vifaa vya ujenzi liko kule kwa mdogo wangu; mimi ndiye ninayenunua Gerezani na kusafirisha. Kwa mzigo mzito usio na haraka, sitaki tena lori. Ila yadini uwepo mwenyewe.

Safari ya kwanza tulichangia behewa wafanyabiashara wanne. Wakala tuliyemlipa akatuambia twende nyumbani, upakiaji atausimamia yeye. Kumbe ndoo za rangi ziliwekwa chini, bati zikalazwa juu yake. Mdogo wangu alipofungua mlango Kigoma, rangi nyeupe imetiririka hadi mlangoni. Ndoo kumi na moja zilipasuka, na bati za mwenzetu aliyenunua kwa mkopo zikachafuka. Wakala simu hakupokea tena. Jambo hilo liliniuma sana.

Safari ya pili nilishinda yadini siku mbili. Mzee mmoja wa makuli akanifundisha kukagua behewa: ingia ndani, omba wafunge mlango, halafu tazama juu. Panapopita mwanga, mvua itapita. La kwetu lilikuwa giza totoro. Tukatandaza bati sakafuni pande zote mbili ili uzito usielemee upande mmoja, ndoo zikasimama juu yake, zikabanwa kwa mbao zisicheze.

Nikiwa pale niliona treni ikipangwa. Kichwa kinasukuma mabehewa yaungane na mengine, na kishindo chake unakisikia kifuani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini rangi ile ilipasuka. Nilikuwa nikiilaumu safari ya zaidi ya kilomita 1,200, na huenda ndoo zilishapasuka kabla hata hatujaiacha Dar.

Mlango ulipofungwa nilipiga picha namba ya lakiri, ile sili ya mlangoni, nikamtumia mdogo wangu. Kigoma akaikuta ileile, na hakuna ndoo hata moja iliyovuja. Safari ya kwanza ilichukua siku tisa, hii ya pili sita, kwa hiyo usimwahidi mteja tarehe. Vitu vya haraka bado nalazimika kuvipakia kwenye basi.

Jambo jingine: ulizia reli kabla ya kulipa. Dar ina reli tatu, na behewa la moja haliingii kwenye nyingine. Hii ya kwetu ina upana wa mita moja na ilifika Kigoma mwaka 1914. TAZARA, ya Mbeya na Zambia, ni milimita 1,067. SGR, ile reli mpya, ni milimita 1,435. Jirani yangu alitaka kuchanganya mzigo wake wa Mbeya na wetu, akidhani behewa litageuzwa huko mbele. Nilimzuia akiwa tayari ameshakodi kirikuu cha kuuleta Ilala.