Siku nne za kusi kwenye mashua ya Lamu: uzoefu wangu

Tulilipia siku tatu, tukakaa nne. Watu kadhaa wameniuliza kama safari ya mashua kutoka Lamu hadi Kiwayu inafaa pesa yake. Inafaa. Lakini mwezi wa Julai, msimu wa kusi, yaani upepo wa kusini, usiende ukiwa umeshakata tiketi ya ndege ya jioni ya siku ya tatu, kama tulivyofanya sisi.

Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, mashemeji wawili na shangazi yangu, ambaye bahari yake yote maishani ilikuwa feri ya Likoni. Dalali tulimpata pale pale gatini. Tulipatana Sh18,000 kwa siku, mashua nzima, chakula na magodoro ndani. Kuhusu upepo alisema neno moja tu: "Uko sawa, mwezi wote huu uko sawa." Sikumwuliza uko sawa kwa kwenda au kwa kurudi.

Nami nilijiona mjanja kwa sababu nilikuwa na programu ya upepo kwenye simu, ile yenye rangi na mishale. Ilionyesha nodi 18, yaani kama kilomita 33 kwa saa, mishale yote ikipanda juu kutoka kusini. Kiwayu iko kaskazini-mashariki ya Lamu, takriban kilomita 50. Nikamwonyesha nahodha, mzee mmoja mkimya. Akaitazama simu kwa adabu, akanirudishia, akasema, "Angalia simu yako, mimi taangalia mai."

Na maji ndiyo yaliyotuangusha siku ya kwanza. Kutoka mjini Lamu kwenda ghuba ya Manda bila kuzunguka bahari kuu, chombo hupita Mkanda, mfereji mwembamba wa mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakijaa unapita ukiimba. Yakipwa, huo si mfereji tena, ni tope. Tulikuwa kwenye bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mwezi mpevu, na pwani ya Kenya wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Nahodha alikuwa gatini tangu saa kumi hiyo ya alfajiri. Sisi dalali alikuwa ametuambia saa mbili asubuhi, "baada ya chai, bila haraka." Tulipofika, maji yalikuwa yakikimbia. Mabaharia wawili wakasukuma kwa pondo mpaka jasho likawatoka, kisha mashua ikakaa chini taratibu kama ng'ombe anayelala, na hapo tukabaki hadi saa nane mchana. Mbu wa mikoko hawalali mchana, niwaambie tu.

Maji yaliporudi tukatokea ghubani, tanga likapandishwa, na lo, ndipo nikaelewa kwa nini watu hurudi Lamu kila mwaka. Kusi ilitushika kwa nyuma kidogo ubavuni, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikalia, mashua ikaanza kwenda kama inateremka mlima. Tulilala Manda Toto, kisiwa kidogo kando ya Manda. Samaki changu wa kuchoma kwa ndimu na pilipili, wali wa nazi uliopikwa kwenye jiko la makaa ndani ya boksi la mchanga, humo humo chomboni. Chakula nakipa alama zote. Magodoro yalikuwa na unyevu.

Siku ya pili tulifika Kiwayu mapema alasiri, tukipita nyuma ya kisiwa cha Pate na mbele ya Ndau, bila kugeuza tanga hata mara tatu. Shangazi aliimba njia nzima. Programu ilisema upepo uleule, na kwa kweli katika maji wazi haikukosea sana. Ilichokosa ni vile vimvua vya asubuhi vya msimu wa kusi: wingu moja jeusi, upepo unaruka ghafla kwa dakika kumi, kisha jua. Nilisoma baadaye kwamba mfumo wa utabiri wa Marekani, GFS, ambao programu nyingi za bure huutumia, hutoa takwimu zake za bure kwa viboksi vya takriban kilomita 28 karibu na ikweta. Kisiwa kizima cha Manda kinaingia ndani ya kiboksi kimoja na nafasi inabaki. Nahodha aliliona kila wingu likiwa bado dogo, akashusha tanga kabla halijafika.

Siku ya tatu ni ya kurudi. Mishale ile iliyonifurahisha sasa ilikuwa inatutazama usoni. Mashua haiwezi kwenda moja kwa moja kinyume na upepo, kwa hiyo ni kubisha: unakata kushoto, unakata kulia, na kila ukigeuza, foromali inahamishwa upande wa pili wa mlingoti, abiria wanahama, mifuko ya mchanga nayo inahama. Baharia mmoja alikaa kwenye ncha ya ubao uliotokezwa nje ili chombo kisilale, mawimbi yakimlowesha mgongo, akituchekea. Mume wangu alipewa mtungi wa plastiki uliokatwa mdomo afue maji yaliyoingia chomboni. Alifua kwa saa tatu nzima. Shangazi hakuimba.

Kulipoingia giza tulikuwa Faza tu, hata nusu ya njia ilikuwa bado haijaisha. Nahodha hakutaka kuendelea usiku na upepo ule, na simlaumu. Ndege iliondoka Manda bila sisi.

Sasa alama zangu. Nahodha na mabaharia wake, tano kwa tano. Mashua yenyewe nne, kwa sababu jaketi za kujiokolea zilikuwa tatu na sisi tulikuwa watano. Hesabuni kabla ya kung'oa nanga, msione haya. Dalali namwachia moja, na hiyo moja ni ya tabasamu. Siku ya nne alitaka tulipe kama siku nyingine yoyote. Tukampa nahodha mkononi.

Nimeshapanga kurudi, safari hii mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki. Mvua ni haba na maji ni maangavu ya kuonea matumbawe. Hesabu ya Kiwayu inageuka: kwenda ndiko kutakuwa kubisha, kurudi ni mteremko, na kama siku ya kwanza upepo ukitushinda tutaishia kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, au Manda Toto bila kukosa ndege. Wanaotaka bahari tulivu nahodha aliwashauri matlai, Oktoba na Novemba, kati ya kusi kuisha na kaskazi kuanza. Mei na Juni hata baadhi ya hoteli za Shela hufunga milango.

Nilimpigia nahodha simu wiki iliyopita, nikamtajia tarehe zangu za Februari. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Hiyo ni mwezi ngapi?" Nikamwambia Februari ni mwezi wa pili, nahodha. "Siyo huo," akasema, "mwezi wa juu." Ikabidi nikatafute kalenda ya Kiislamu ndipo tupange siku.