Kununua longibodi kwa mji usio na kilima: nilichojifunza Chicago

Ukienda dukani kununua longibodi, ule ubao mrefu wa magurudumu manne wa kusimama na kuteleza, beba futikamba. Muuzaji atakuonyesha michoro iliyo chini ya ubao, atakugongea mbao usikie mlio wake, atakusimulia habari za mianzi. Mwache amalize. Kisha weka ubao sakafuni, upime kutoka chini hadi pale mguu wako utakapokanyaga. Kwa mji wa tambarare kama huu wetu, namba hiyo ina maana kuliko yote aliyokueleza.

Mchezo huu ulizaliwa na wacheza mawimbi wa California na Hawaii, watu wenye barabara za kushuka. Mteremko ndio unaowabeba. Wao kazi yao ni kukata kona na kujizuia. Chicago imekaa juu ya sakafu ya ziwa la kale lililoachwa na barafu. Ukitoa Cricket Hill, kile kichuguu cha kujaziwa udongo pale Montrose ambako watoto huteleza wakati wa theluji, hakuna mahali ardhi itakapokusaidia. Utasukuma kwa mguu kwenda, utasukuma kwa mguu kurudi. Na kila unaposukuma, goti la mguu uliobaki juu ya ubao hukunjwa ili mwenzake ufike chini. Ubao ulioinuka sentimita 13 ni kama kupanda na kushuka ngazi kwa mguu mmoja, mara mia kadhaa kwa safari moja. Ulioinuka sentimita 7, hutahisi kitu.

Mimi nilijua haya kwa kuumia. Ubao wangu wa kwanza ulikuwa wa dola 70, wenye ncha kama samaki, nimeutoa duka kubwa la bidhaa mchanganyiko. Siku ya tatu, kando ya ziwa karibu na Foster, gurudumu la mbele lilikwama kwenye kokoto isiyozidi punje ya hindi. Ubao ulisimama, mimi nikaendelea. Niliporudi Rogers Park ninakokaa, nikichechemea, jirani yangu, mzee wa Goma, aliuangalia ule ubao, akaukanyaga kwa kiatu kimoja, akashuka. "Hii iko juu sana, mutoto yangu. Muguu itachoka." Ujanani alisukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya Kivu inayobeba makaa, kabichi na magunia ya viazi. Wenye chukudu hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili, na ubao wenyewe uko chini karibu na ardhi. Hakuna aliyewachorea kwenye karatasi. Miguu iliwaambia.

Basi nimezipanga mbao kwa kigezo hicho. Anayetaka kushuka milima ya Colorado apange vingine.

1. Ubao uliozama na kupenyezwa

Huu katikati pamezama kama sinia, na ekseli, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, zimepenyezwa kwenye matundu ya ubao badala ya kufungwa kwa chini. Ubao unashuka mara mbili: kwa kuzama na kwa kupenyezwa. Pantheon Trip ni mfano mzuri: mfupi, unaingia kwenye treni bila kugombana na abiria, na umekatwa pembeni kiasi kwamba hata magurudumu ya milimita 85 hayagusi mbao. Landyachtz Switchblade ni wa ukoo huohuo, ila mzito na mgumu zaidi kwa sababu ulikusudiwa pia mwendo kasi. Mara ya kwanza nilipopanda ubao wa aina hii nilitoka Montrose hadi bandari ya Belmont, kama kilomita mbili na nusu, bila kubadilisha mguu. Kwa ule wa dola 70 nilikuwa napumzika mara mbili njiani na kujidai naangalia mashua.

Kasoro yake ni mbili. Hauna mkia, ile ncha ya nyuma iliyoinuka ya kukanyaga ili mbele panyanyuke, kwa hiyo ukikuta ukingo wa barabara unashuka na kuubeba. Halafu kwa kuwa uko chini, unakwaruza tumbo kwenye matuta ya lami yaliyoinuliwa na mizizi. Nimezoea huo mlio. Bei ya ubao kamili, wakati naandika, ni kuanzia dola 200 kwenda juu.

2. Ubao wa kupenyezwa tu

Ekseli zimepenyezwa lakini ubao umenyooka, au una bonde dogo tu. Uko kama sentimita 10 kutoka chini. Landyachtz Drop Cat na Arbor Axis ni kati ya zinazopatikana kirahisi, nyingi zikiwa kati ya dola 170 na 250. Kama huu ni ubao wako wa kwanza na hujui kama mchezo utakukaa, anzia hapa. Umetulia, una nafasi ya kusimama, na ukichoka nao utauuza siku hiyohiyo kwa sababu kila mtu anautafuta.

3. Ubao wa mianzi unaonesa

Loaded Vanguard ndio unaojulikana sana. Unapanda, unanesa kama kitanda cha kamba, na ukijua kuupa uzito na kuuondoa kwa wakati unakata kona baada ya kona na mwendo unaongezeka wenyewe bila mguu kugusa chini. Ni utamu ambao siwezi kuueleza vizuri. Lakini ekseli zake zimefungwa kwa chini, uko juu, na bei inapita dola 300. Ukiamua, chagua ugumu kulingana na kilo zako: namba 1 ndiyo ngumu kuliko zote, ya watu wazito, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ubao unavyolegea. Mtu wa kilo 95 akinunua ubao wa mtu wa kilo 60, tumbo lake litaburuza lami. Namaanisha tumbo la ubao.

4. Kibao kifupi chenye mkia

Kama Landyachtz Dinghy. Cha kutoka kituo cha treni hadi kazini, kinaingia chini ya meza, kinaruka ukingo wa barabara. Zaidi ya kilomita tatu utakilaani.

5. Ule wa dola 70 wenye ncha

Usinunue. Pesa hiyohiyo tafuta ubao uliotumika, nitaeleza chini.

Mbao za umeme sikuzipanga. Hizo ni mambo ya betri na chaja, na mguu wako hauna kazi.

Magurudumu: hapa ndipo pesa iende

Ukiwa na dola 60 tu za kuongeza, usibadilishe ubao, badilisha magurudumu. Kabla ya miaka ya 1970 watu waliteleza kwa magurudumu ya chuma na ya udongo mgumu, na kila kokoto ilikuwa ajali. Frank Nasworthy, kijana mcheza mawimbi, akaleta ya yurethani, plastiki inayonesa kama mpira, mwanzoni mwa miaka hiyo, na mchezo mzima ukageuka. Kilichonitupa chini pale Foster kilikuwa gurudumu dogo la plastiki ngumu lililorudi nyuma miaka hamsini.

Soma namba mbili. Ya kwanza ni kipenyo kwa milimita. Kwa hapa, 70 ni kiwango cha chini, 80 ndiyo raha, 85 ni kwa wenda mbali. Gurudumu kubwa hupita juu ya ufa badala ya kutumbukia, na likishapata kasi haliachi upesi. Namba ya pili ina herufi A na inaeleza ugumu: 78A ni laini, 86A ni gumu. Lami ya Chicago hupasuka kila majira ya baridi kwa maji yanayoganda ndani yake, kwa hiyo kaa kati ya 77A na 80A. Ninayotumia ni Orangatang Kegel za milimita 80. Rangi ndiyo inayotaja ugumu: buluu ni 77A, chungwa ni 80A, zambarau ni 83A. Usichague kwa kuoanisha na viatu.

Angalizo moja. Gurudumu la 80 badala ya 70 linakuinua milimita 5, na kwenye ubao wa mianzi linaweza kugusa mbao unapokata kona. Likigusa, linafunga ghafla kama breki ya mkono. Kabla ya kulipa, panda ubao dukani, egemea upande mmoja kwa uzito wako wote, na mwambie mwenzako achungulie chini.

Ekseli, bushi na beringi

Ekseli za longibodi zina boliti kubwa ya katikati iliyoelekea nje, ndiyo maana zinakata kona kwa ulaini. Upana wa milimita 180 unatosha watu wengi. Ekseli za kampuni ya Paris zenye mwinamo wa nyuzi 50 zinageuka upesi. Caliber za nyuzi 44 zimetulia zaidi unaposukuma mbali. Ila kabla ya kununua ekseli mpya, badilisha bushi, zile pete mbili za yurethani zilizo kwenye boliti hiyo. Seti haifiki bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Mtu mwepesi aweke laini, mzito aweke ngumu. Watu wengi wanaosema ubao wao unatetemeka wakiongeza kasi wanasumbuliwa na bushi za mtu mwingine.

Beringi zote ni za kipimo kimoja, 608: nje milimita 22, tundu milimita 8, unene milimita 7. Muuzaji akikuambia ABEC 9 ina kasi kuliko ABEC 7, mtabasamulie. ABEC ni kipimo cha usahihi wa uchongaji kiwandani. Hakijui lolote kuhusu vumbi na kukanyagwa kando. Bones Reds hazina namba hiyo kabisa na ndizo ninazoziamini, chini ya dola 25. Sisi tuliounda vigari vya mbao utotoni kwa beringi kuukuu tulizoomba gereji tunajua: beringi huuawa na mchanga na maji. Hapa ongeza chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji. Zifungue, zioshe kwa spiriti, zikauke kabisa, tone moja la mafuta mepesi kwa kila moja. Na usipoteze kile kijibomba kinachokaa kati ya beringi mbili ndani ya gurudumu. Bila hicho ukikaza nati unazibana.

Helmeti: tafuta maandishi ASTM F1492 ndani yake, ndicho kiwango cha mchezo huu, CPSC ni cha baiskeli, na zipo zenye vyote viwili. Kisha vikinga vya viganja kabla ya vya magoti. Ukianguka mikono hutangulia, haikuombi ruhusa.

Pa kuendesha, kwa mpangilio wangu

Kwanza kabisa ni njia ya kando ya ziwa, sehemu ya kusini. Njia nzima ina kama kilomita 29, kutoka Mtaa wa Ardmore kaskazini hadi Mtaa wa 71 kusini. Watu wengi hubanana kaskazini na katikati. Ukishapita majumba ya makumbusho na kumbi za mikutano za McCormick Place, njia inafunguka, lami ni nzuri, na unaweza kusukuma hadi Promontory Point bila kumwomba mtu njia. Tangu 2018 baiskeli zimetenganishwa na watembea kwa miguu njia nzima. Mimi hukaa upande wa baiskeli, kulia kabisa, masikio wazi.

Upepo ndio kilima chetu. Angalia upepo unakotoka kabla hujatoka nyumbani, uanze kwa kuupinga, ili urudi ukikusukuma mgongoni. Nilikosea hili mara moja: nilikwenda kusini nikijiona bingwa, kumbe nilikuwa nasukumwa. Kurudi nilipanda basi, ubao mapajani.

Pili ni kaskazini, Ardmore hadi Belmont, asubuhi mapema. Watu wa Rogers Park na Edgewater tuko karibu. Ukiendelea kusini, eneo la ufukwe wa Oak Street ni zege lenye mchanga juu yake na mawimbi yanayoruka ukuta siku ya upepo. Mchanga mkavu juu ya zege ni sabuni, shuka, tembea. Mbele yake kuna daraja la Navy Pier Flyover, lililokamilika 2021, na hapo utaonja mteremko mdogo kwa mara ya kwanza. Watu husimama kupiga picha katikati. Funga breki mapema, kwa kuburuza mguu chini.

Tatu ni 606, reli ya zamani iliyogeuzwa bustani ya juu mwaka 2015. Kilomita 4.3 za zege, hakuna gari linalokatiza hata moja. Ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa nyembamba. Pembeni kuna ukanda laini wa wakimbiaji. Gurudumu likiingia huko mwendo unakatika ghafla. Nenda saa moja asubuhi siku ya kazi, au usiende.

Kilichotumika

Msimu wa kununua ni Oktoba na Novemba, watu wanapoona miezi minne ya baridi mbele yao na kabati halina nafasi. Ukikutana na muuzaji, geuza ubao uangalie mashimo ya skrubu: ufa unaotoka shimo moja kwenda lingine, achana nao. Pinda ubao kwa magoti, usikilize. Mbao inayotengana safu hulia. Msasa wa juu ukiwa umekwisha, usijali, ni dola 10. Kisha zungusha gurudumu mojamoja karibu na sikio. Ukisikia mchakacho, ni chumvi ya mwaka jana. Mwambie akupunguzie dola 20 za beringi. Atapunguza, theluji iko njiani.