Marumaru nyeupe au graniti kwa bafu la Dodoma?
Kwa sakafu ya bafu nachagua graniti. Marumaru nyeupe inapendeza, lakini huweza kuwa na chembe za madini ya chuma. Maji yakipenya, zinashika kutu na madoa ya njano yanachomoza kutoka ndani ya jiwe. Ukimwaga jiki, kutu huzidi. Ukimwaga asidi ya chooni, marumaru yenyewe huliwa, inabaki na mabaka yasiyong'aa. Hapo inauma kweli, maana ni gharama.

Graniti, jiwe la vilima vyetu, nayo ina chuma, ila hustahimili zaidi, na ya kijivu iliyokoza huficha madoa. Kwa zote mbili, usisugue kwa waya wa masufuria: vipande vyake hubaki sakafuni vikaota kutu.