RV ya mtumba Marekani: uzoefu wangu na matangi, matairi na mama mkwe

Nianze na jibu la swali ninaloulizwa na kila Mbongo anayefika kwetu Minnesota akaiona RV yetu, yaani gari lenye nyumba ndani yake, imeegeshwa pembeni ya nyumba: hapana, haiokoi hela. Ukijumlisha petroli, bima, matengenezo na hela ya kuihifadhi wakati wa baridi, kwa fedha hiyo hiyo ungelala moteli za kawaida likizo zako zote na chenji ikabaki. Anayekwambia vinginevyo ana RV anayotaka kukuuzia.

Sisi tuliinunua kwa sababu nyingine. Tuna watoto watatu, tunapenda kula chakula chetu, na mama mkwe akija kutoka Tanga hukaa miezi. Naye hali nyama asiyojua imechinjwa na nani, na choo cha kituo cha mafuta haingii hata kwa dawa. Kwa familia ya namna hii, gari lenye jiko na choo chake ndilo linalowezesha safari kuwepo.

Yetu ni ile aina wanayoiita Class C: mbele kichwa cha gari la kawaida, nyuma sanduku la nyumba, na kitanda juu ya dereva. (Class A ni zile zinazofanana na basi, Class B ni kama Hiace iliyogeuzwa chumba.) Ina urefu wa futi 28, imejengwa juu ya chasisi ya Ford E-450 ya mwaka 2012 yenye injini ya V10 ya lita 6.8. Injini yenyewe sina neno nayo, inavuta bila kulalamika. Mafuta ndiyo kilio: maili 8 au 9 kwa galoni, yaani kama kilomita 3 na nusu kwa lita, na upepo wa South Dakota ukiipiga usoni inashuka zaidi. Leseni ya kawaida inatosha kuiendesha.

Kama unanunua ya mtumba, usihangaike sana na maili ilizotembea. Kinachoua nyumba hizi ni maji ya mvua. Ya kwanza tuliyoikagua ilikuwa imepigwa rangi, inang'aa, na ndani wamening'iniza manukato mpaka macho yanawasha. Nikapanda kwenye kitanda cha juu ya dereva, nikainua godoro, nikasukuma kidole gumba kwenye pembe ya mbele. Mbao ilibonyea kama mkate uliolowa chai. Muuzaji akasema ni unyevunyevu tu wa msimu. Tulimuaga. Pembe hiyo ndiyo ya kukagua kwanza kwenye Class C yoyote, kisha sakafu ya karibu na bafu, kisha ukuta wa nje: ukiona umetuna, maji yameshaingia kati. Na panda juu ya paa. Mara nyingi ni la mpira, na maji hayapenyi kwenye mpira wenyewe. Yanapita pale walipotoboa ili kuweka feni, bomba la hewa la choo au kiyoyozi. Gundi ya sehemu hizo hupasuka kwa jua na barafu. Mimi hupanda na tochi kila masika na kila vuli, nikiona ufa naongeza gundi ile ile ya paa, inayojisambaza yenyewe. Silikoni ya dukani haifai, haishiki vizuri na baadaye inakataa kushikwa na gundi nyingine.

La pili ni matairi. RV inakaa zaidi kuliko inavyotembea, kwa hiyo tairi hufa kwa uzee huku kashata zake bado nzima kabisa. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT: 2317, kwa mfano, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Aliyetuuzia yetu alisema matairi ni mapya. Ya mbele ndiyo, yalikuwa mapya. Ya nyuma ni manne, mawili mawili, na upande wenye tarehe wa yale ya ndani ulikuwa umegeukia uvunguni, ikabidi nilale chali na tochi. Yalikuwa na miaka saba. Bei ikashuka pale pale. Tairi la ndani likipasuka barabarani halikuachi na pancha tu, linang'oa na mabomba yaliyo juu yake.

Sasa tuje kwenye matangi, maana hapa ndipo maisha ya RV yalipo.

Chini ya sakafu kuna matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Haya mawili ya mwisho huku huyaita la kijivu na jeusi. Ukifika kambi yenye bomba la maji taka, unganisha mpira wako lakini valvu ya tangi jeusi iache imefungwa. Ukiiacha wazi, maji yote yanatoka na kigumu kinabaki, kinarundikana chini ya choo na kukauka, na hapo utamtafuta fundi kwa bei atakayotaja yeye. Subiri lifike theluthi mbili. Kisha vaa glavu za kutupa, fungua jeusi kwanza, likiisha fungua la kijivu ili maji ya sabuni yasuuze mpira. Nunua kile kiwiko cha plastiki angavu cha kuunganishia. Utasimama hapo ukiangalia mambo ya familia yako yakipita, ndiyo, ila utajua kwa hakika yamekwisha.

Jambo ambalo hutalikuta kwenye video za Wamarekani, kwa sababu halimo katika desturi zao: sisi wa kopo la maji chooni tuna nafuu na tuna gharama. Nafuu ni kwamba hatutupi karatasi nyingi, na karatasi ndiyo inayoziba matangi ya watu. Tangi lenye maji mengi humwagika vizuri. Gharama ni kwamba maji safi yanakwisha haraka na jeusi linajaa haraka. Ongeza udhu wa watu wazima watatu mara tano kwa siku na bomba likiwa wazi, tangi la lita 150 litakauka kabla hujakaa vizuri. Tuliweka birika dogo pembeni ya sinki. Nusu lita inatosha udhu kamili, nimepima. Mama mkwe alicheka, akasema kwao walitawadha hivyo hivyo miaka yote kabla ya bomba kufika.

Na kwa kuwa nimemtaja. Anayejua adabu za ukweni kwetu Pwani ataelewa ugumu wa kuishi na mama wa mke wako ndani ya futi 28 zenye choo kimoja chenye ukuta mwembamba. Tulimpa chumba cha nyuma chenye mlango, sisi tukapanda juu ya dereva, watoto mezani panapogeuka kitanda. Asubuhi mimi nilikuwa natoka kwanza, nakagua upepo wa matairi kwa muda mrefu kuliko matairi yalivyohitaji, mpaka nisikie anaita, "Baba, chai tayari." Pazia zito kati ya chumba chake na sebule ndicho kitu bora tulichoongeza kwenye gari hili, kuliko hata sola. Alichouliza siku ya kwanza kilikuwa kimoja: "Mwanangu, hiki choo kinakwenda wapi?" Nilimwambia tunatembea nacho, Mama. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kiko karibu na mchele.

Kuhusu uzito: chasisi hii ukomo wake ni pauni 14,500, kama kilo 6,570, gari, watu, maji na vyote ndani. Kibandiko kinachosema umebakiwa na kiasi gani cha mzigo huwa mlangoni au ndani ya kabati, kisome kabla hujanunua. Tangi la maji likijaa limeshakula kilo 150. Sisi ni watu wa kubeba, tunajijua: kiroba cha mchele, madumu, sufuria za shughuli. Pita kwenye mizani ya malori iliyopo vituo vikubwa vya mafuta, wanakupa karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Tulipunguza vingi. Mbuzi ya kukunia nazi ilibaki, hiyo haikujadiliwa.

Jikoni kuna mafiga matatu ya gesi na yanatosha, ugali unasongeka mradi mtu mmoja ashike sufuria. Ila kaanga samaki ndani mara moja tu na viti vitanuka mpaka msimu ujao, kwa hiyo samaki, mandazi na pilau tunapikia nje kwenye jiko la pembeni. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama nje kuna barafu, wala kiking'ora cha kaboni monoksidi kisitolewe betri kwa kuwa kinapiga kelele. Hewa ile haina harufu na inaua usingizini. Friji ya gesi nayo inataka gari likae sawasawa, ikiinama haipoozi na inaweza kuharibika. Beba vile vibao vya plastiki vya kuwekea chini ya magurudumu.

Umeme ni hesabu fupi. Soketi ya ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600 kwa nyumba nzima. Kiyoyozi 1,500, birika la chai 1,500, maikrowevu zaidi ya 1,000: washa vyote, swichi inaruka. Jenereta yetu inanyonya petroli kwenye tangi la gari na huacha ikibaki kama robo, ili usikwame porini kwa ajili ya kiyoyozi. Kifaa cha kulinda na umeme mbovu wa kambi nunua mapema, na kipunguza presha cha shaba cha kuweka kwenye bomba la maji. Kambi nyingine presha yake inapasua mabomba.

Barabarani, andika kimo cha gari lako kwa futi na inchi ukibandike mbele ya dereva. Yetu ni futi 11 na inchi 4 pamoja na kiyoyozi. Kuna daraja la reli pale Durham, North Carolina, lililopata umaarufu kwa kuchuna mapaa ya malori kwa sababu kimo chake kilikuwa futi 11 na inchi 8. Mwaka 2019 walilinyanyua inchi nyingine 8 na bado linachuna. Tatizo si kimo peke yake. Kule milima ya Black Hills, South Dakota, tundu la Needles Eye lililochongwa kwenye mwamba barabara ipite lina upana wa kama futi 8 tu, RV kama yetu haipiti. Hifadhi ya Glacier, Montana, ile barabara yao maarufu ya Going-to-the-Sun inakataza gari lenye urefu zaidi ya futi 21 katika sehemu yote ya mlimani. Tuliiacha yetu kambini tukapanda basi jekundu la watalii, yale ya miaka ya 1930 yenye turubai linalokunjwa, na mama mkwe alijifunga kanga ya pili kichwani, akasema hili ndilo gari, siyo lile la choo.

Mteremko ukiuona, kama ule wa barabara ya 14A kushuka milima ya Bighorn unaofika asilimia 10, shusha gia kabla hujaanza kushuka. Breki zikishika moto ukiwa na tani sita hakuna wa kumlalamikia.

Pa kulala pako pa kila bei. Kambi za majimbo ndizo tunazopenda: bei nafuu, miti, umeme. Ndani ya hifadhi ya Yellowstone, kambi yenye maji, umeme na bomba la maji taka ni moja tu, Fishing Bridge, na hawaruhusu mahema kwa sababu ya dubu. Weka nafasi mapema sana. Lakini usiku mzuri kuliko yote hatukulipa kitu: karibu na mji wa Wall, South Dakota, kwenye ardhi ya serikali iitwayo Buffalo Gap, unaegesha ukingoni mwa genge na Badlands, ile nchi ya makorongo, yote iko chini yako. Hakuna bomba, hakuna umeme, upepo unatikisa gari zima. Unakwenda na tangi lako limejaa na unaondoka na takataka zako.

Baridi ya kwetu inataka kazi moja kila Oktoba: kutoa maji yote, kufunga njia ya tangi la kuchemshia maji ili dawa isiingie humo, na kusukuma dawa ya waridi ya kuzuia kuganda kwenye kila bomba mpaka uione ikitoka, pamoja na la choo na la kuogea nje ambalo watu hulisahau. Ni ile ya waridi ya RV. Ya kijani ya injini ni sumu. Betri za lithiamu usizichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi. Ziba matundu ya uvunguni kwa nyuzi za chuma, panya nao wanatafuta nyumba.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano imekwenda na petroli.

Ukiwa bado unaitaka, kodi Class C wikendi moja kwanza, mwende wote, na kazi ya kumwaga tangi jeusi uifanye mwenyewe. Ukirudi na hamu ile ile, anza kutafuta Oktoba na Novemba huku kaskazini, wakati wenye RV hawataki kulipia hifadhi ya msimu mwingine wa baridi. Ombeni kuiona siku ya mvua.