Fundi wa kompyuta wa Ngamiani, Tanga: nimempelekea mashine zangu baada ya Windows 10 kuisha sapoti

Wadau wa Tanga wenye mashine za zamani, hasa nyie wenzangu wa steshenari, hii inawahusu. Toka Microsoft wafunge sapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 kila fundi mjini ana lake na wengi wanakuuzia woga tu, mmoja kaniambia nitupe zote ninunue mpya, mwingine anasema lete hapa nikupigie Windows 11 kwa elfu 15 usubiri hapohapo, wala hajauliza prosesa ni gen (kizazi) ya ngapi. Huyu wa Ngamiani yuko barabara za ndani huko, kibao hana, kijana mmoja na meza mbili, swali lake la kwanza likawa "Dada, hizi mashine kwa siku zinafanya kazi gani?"

Na hilo ndo swali lenyewe jamani. Mashine ya steshenari si ya mtu mmoja, anakuja mtoto wa chuo anafungua akaunti yake ya mkopo HESLB, akitoka anaingia mtu na Ajira Portal, mwingine anafungua email aprinti tiketi, wote wanaandika paswedi zao kwenye kibodi yangu, na flashi zinaingia zimejaa vairasi wa shortcut (wale wanaoficha mafaili yako na kukuwekea shortcut za uongo) kutwa nzima. Windows 10 haijazimika, inawaka kama kawaida, ndo maana watu wanaona hakuna kilichobadilika, ila tundu jipya la usalama likigundulika leo halizibwi tena kama hujajiandikisha kwenye mpango nitakaoutaja hapo chini. WannaCry, kile kirusi cha Mei 2017 kilichofunga mafaili ya watu na kudai hela, kilipita kwenye tundu ambalo kiraka chake (apdeti ya kuliziba) kilitoka Machi mwaka huohuo, waliopigwa wengi ni wale ambao hawakuapdeti. Sasa paswedi ya mtoto wa watu ikiibiwa dukani kwangu mimi nitamwambia nini?

Tukaanza na laptop, HP EliteBook 840 G3, i5 gen ya 6. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka gen ya 8 kwenda juu ukiacha chache sana, na TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka). Kuilazimisha inawezekana na akasema anajua kufanya, lakini Microsoft wenyewe wameandika kwamba mashine isiyofikia vigezo haina uhakika wa kupata apdeti, na mimi nilichokifuata ni apdeti! Hapo nikamuamini, maana angeweza kula hela yangu kirahisi sana. Akaniingiza kwenye mpango wa Microsoft unaoitwa ESU, viraka vya usalama vya Windows 10 tu mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, hakuna vitu vipya. Unalipa dola 30, au unatoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bure kabisa ukiwasha bakapu ya mipangilio kwenye akaunti yako ya Microsoft. Tulienda na ya bure. Windows lazima iwe toleo la 22H2 kwanza, yangu ilikuwa nyuma ikabidi iapdetiwe. Mafundi wengine wote niliowaona hawakunitajia hiki kitu, sijui hawakijui au hakina faida kwao.

Desktop ndo iliyonifurahisha. Ni Dell OptiPlex ya zamani, i5 gen ya 3, ilikuja na Windows 7 ikapandishwa 10, inawaka mpaka unaenda kununua vitumbua unarudi. Akanishauri niache Windows niweke Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, ile ya Xfce (muonekano wake mwepesi) maana ni nyepesi na haidai leseni, akatoa hadi diski ya zamani akaweka SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ya GB 256, akapuliza vumbi lote na kubadilisha paste ya prosesa (huku kwetu na hewa hii ya bahari ukifungua kesi unakuta kutu mpaka kwenye skrubu). Kabla ya kufuta chochote alikopi mafaili yangu yote kwenye diski ya nje akaniambia kaa hapa ufungue moja moja uhakikishe. Sasa hivi inawaka fasta, Firefox na Chrome zinapata apdeti, na flashi ya mteja yenye shortcut ukiichomeka wale vairasi wa Windows hawafanyi kitu, na mafaili yake yaliyofichwa unayaona yote yapo, wateja wanashangaa walidhani yamepotea. Flashi yenyewe inabaki chafu lakini, usiitoe hapo ukaichomeka kwenye Windows.

Kasoro za Mint zipo na alizisema kabla. LibreOffice, inayotumika badala ya Microsoft Office, inafungua mafaili ya Word vizuri, ila CV zenye majedwali na urembo mwingi zinahama mistari, hizo nazifanyia kwenye HP. Printa ya Epson ya matenki ilikubali palepale, ya lesa ikasumbua mpaka akatafuta draiva na kurudi kesho yake. Kijana wangu wa dukani alinung'unika siku za mwanzo, sasa ndo mashine anayoigombania.

Bei: ufundi elfu 20 kila mashine, SSD elfu 75 nikiwa nimeiona kwenye boksi lake. Kwa kazi ile naona ni haki kabisa.

Ila fundi na yeye ana la kurekebisha na nimemwambia usoni. Paswedi za wateja anaziandika kwenye selotepu anabandika juu ya laptop, zimepangwa mezani kila anayeingia anazisoma, hili ni baya kwa mtu anayejali usalama kiasi kile. Akanijibu "kweli dada," kwangu akaitoa, za wengine sijui. Hakupi risiti mpaka udai, na aliposema jioni ikawa kesho yake mchana.

Kama mashine yako ni gen ya 8 kwenda juu usimsumbue, nenda Settings kwenye apdeti uangalie, kuna uwezekano Windows 11 inakusubiri bure. Kama Windows yako ilipigwa na krak za mtaani (za kukwepa kulipia leseni) mwambie mapema, maana krak nyingi zinataka uzime antivairasi ndo ziingie, na yeye hizo hazigusi. Ukienda beba chaja, badilisha paswedi kabla hujamwachia mashine, na uwe na bando la kutosha kwenye simu, apdeti zinakula GB na intaneti anatumia ya kwako. Ijumaa mchana hayupo, nenda asubuhi.